Amani ya Baba Mkubwa

Baba Mkubwa huniita mwanaharakati, na hanisifu. Kwake neno hilo lina maana ya mtu aliyesomeshwa kwa jasho la wazee wake kisha akarudi kuwaambia wazee hao hawajui kitu. Ni karani mstaafu wa stesheni ya Kilosa. Amekuwa mjumbe wa nyumba kumi tangu sijazaliwa, na kadi yake ya CCM anaitunza kwenye mfuko mmoja wa nailoni na cheti chake cha ndoa. Nikiwa nyumbani kwake, saa mbili usiku redio huwashwa, taarifa ya habari husikilizwa kimya, na ikiisha anaizima, ananitazama na kusema, "Haya, pinga."

Nami hupinga. Nimekuwa nikipinga pale sebuleni tangu nikiwa kidato cha tano, na ninachokijua kuhusu kubishana nimejifunza kwake zaidi ya chuoni. Naliandika hili kwa sababu wengi wa rika langu wanadhani mhafidhina wa Tanzania ni mtu aliyepewa fulana, kofia na elfu tano. Wapo hao. Baba Mkubwa si wao. Hoja zake zina umri, zina majina ya vijiji, na moja kati yake ina makaburi.

Iliyo nyepesi ni ile ya barabara. Mimi ni wa Mikumi. Mama yangu aliuza chai na chapati kwa madereva wa malori yaendayo Zambia, pale ambapo magari hupumzika baada ya kuvuka hifadhi. Mikumi iko kwenye lami ya barabara kuu. Kilosa, makao makuu ya wilaya yetu, iko upande wa kaskazini, na utoto wangu wote kwenda huko kupitia Ulaya kulikuwa ni kula vumbi kiangazi na kusukuma gari masika. Wilaya moja, majimbo mawili. Mwaka 2015 sisi wa jimbo la Mikumi tulimchagua Joseph Haule, yaani Profesa Jay, kwa tiketi ya CHADEMA. Huyu ndiye aliyetoa "Ndio Mzee" mwaka 2001, wimbo unaomkejeli mgombea anayeahidi kila kitu mbele ya wananchi wanaoitikia kila kitu. Sidhani kama yuko mbunge mwingine nchini aliyewapa wapiga kura wake fimbo ya kumchapia miaka kumi na minne kabla hajaomba kura. Kila aliposimama kuahidi kisima, alikuwepo kijana nyuma aliyeitikia jina la wimbo, na watu wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka.

"Mmechagua upinzani," Baba Mkubwa alisema mwaka ule. "Sasa subirini lami."

Hoja hii hakuitunga yeye. Rais Magufuli aliisema waziwazi majukwaani mwaka 2020: mniletee mtu wa chama changu ndipo tufanye kazi. Oktoba mwaka huo Mikumi ikarudi CCM, na karibu nchi nzima ikarudi pia. CHADEMA waliambulia jimbo moja tu la kuchaguliwa, Nkasi Kaskazini. Nilimwambia Baba Mkubwa kwamba barabara ya Kilosa na Mikumi ina ncha mbili. Kwa miaka mitano ncha moja ilikuwa kwenye jimbo la upinzani na nyingine kwenye jimbo la chama tawala, na vumbi lilikuwa lile lile pande zote mbili, halikumuuliza mtu kadi. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, "Na wewe unajuaje kama sisi hatukukosa lami kwa sababu ya ncha yenu?"

Unaona ninabishana na mtu gani.

Nilichotaka kumwambia, na nilimwambia siku nyingine, ni kwamba lami si zawadi. Mama yangu alilipa kodi kwenye kila kilo ya sukari iliyoingia kwenye chai ile, na sukari haikuwa na punguzo kwa waliopigia kura upinzani. Serikali inayosema itawahudumia kwanza waliyoipenda inachukua pesa kwa wote na kuzirudisha kwa baadhi. Yeye hujibu kwa kuitaja SGR. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024, inapita Kilosa na kutoboa milima ya wilaya yetu kwa mahandaki. Mzee aliyetumikia reli ya zamani, aliyeona mafuriko ya Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 yakizoa tuta na reli na nyumba za watu, anapoiona treni ile inapita, sina la kumwambia. Anasimama wima kama yuko gwaride. Na ana haki.

Hoja ya katiba huwa inakwenda haraka. "Katiba mpya itanipa mbolea?" Kwa miaka mingi hilo ndilo swali lote. Ajabu ni kwamba mtu aliyeshinda ubunge wa Kilosa mwaka 2020, Profesa Palamagamba Kabudi, alikuwa mjumbe wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba. Tume ile ilizunguka nchi nzima ikikusanya maoni, na mwaka 2013 ikatoa rasimu mbili. Ilipendekeza serikali tatu, ikapendekeza mgombea binafsi, ikapendekeza matokeo ya urais yaweze kupingwa mahakamani. Bunge Maalumu la 2014 likaziweka kando serikali tatu, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 haijafanyika mpaka leo. Nilipomkumbusha Baba Mkubwa kwamba mbunge wake alishiriki kuiandika rasimu ile anayoiita ya wanaharakati, hakutikisika. "Ndiyo maana tulimchagua," alisema. "Ni msomi."

Kwa hiyo nikaacha kumwambia habari za serikali tatu, nikamwambia habari ya ibara moja. Katiba tuliyonayo, ya mwaka 1977, katika ibara ya 41(7), inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Aliyeshindwa udiwani anaweza kwenda mahakamani. Aliyeshindwa ubunge anaweza. Aliyeshindwa urais, hata awe na ushahidi wa kujaza behewa, anarudi nyumbani. Nilimuuliza mtu wa namna hiyo, pamoja na mamilioni waliompigia kura, aende wapi.

"Aende akalale," alisema. "Kenya walikwenda, ukaona yaliyowapata."

Hapa ndipo wengi wetu tunapopoteza mjadala, kwa sababu tunaijibu Kenya kwa kuipamba. Kenya si pepo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa watu zaidi ya 1,100, na picha za kanisa lililochomwa Kiambaa ziliingia sebule zote za Afrika Mashariki, pamoja na hii ya Kilosa. Lakini mwaka ule upande ulioona umeibiwa ulikataa kwenda mahakamani, ukisema hauiamini mahakama. Kesi ikaamuliwa barabarani. Baada ya pale ndipo walipoandika katiba ya 2010 na kuunda Mahakama ya Juu, na tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikaufuta uchaguzi wa Rais aliyekuwa madarakani. Watu walikufa mwaka ule pia, nami simfichi Baba Mkubwa hilo. Ila mwaka 2022 walibishana tena, wakaenda tena kwa majaji, shauri likatupwa, na aliyeshindwa akasema hakubaliani na uamuzi lakini anauheshimu. Malawi nao walifuta uchaguzi wa urais mahakamani mwaka 2020 na kurudia.

"Na vijana wa Juni 2024, waliovamia Bunge la Kenya?" aliuliza. Anafuatilia.

Nilimjibu kwamba vijana wale walikwenda kwa sababu ya muswada wa fedha, na muswada uliondolewa, na waliouawa hawakupaswa kuuawa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo silisahau: "Mwanangu, ninyi mna bando. Mkishawasha, mnahama ukurasa. Sisi ndio tunaozika."

Ana haki ya kusema hivyo, kwa sababu amezika. Tarehe 8 Desemba 2000, kijiji cha Rudewa Mbuyuni, kaskazini ya mji wa Kilosa, kilivamiwa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji, na watu 38 wakauawa. Baba Mkubwa alikuwa kati ya waliotoka mjini kwenda kusaidia. Katika miaka yote niliyobishana naye amelitaja neno moja tu kuhusu siku hizo: "Tulichimba." Hasemi walichimba mangapi wala walimlaza nani. Kwa hiyo anaposema amani, sauti yake haifanani na ya mtu wa jukwaani anayelitumia neno hilo kufungia hotuba. Anamaanisha udongo.

Somo alilolitoa Rudewa ni kwamba amani huvunjika usiku mmoja, na anayepaza sauti anacheza karibu na kaburi. Nimelifikiria somo hilo kwa miaka, na naona ushahidi wake unaelekea kwingine. Rudewa hakukuwa na maandamano ya chama. Hakukuwa na mwanaharakati wala mtandao wa kijamii. Wilaya ilikuwa mikononi mwa CCM kutoka juu mpaka chini. Kilichokuwepo ni malalamiko yaliyolala muda mrefu: ng'ombe wanaingia mashambani, wakulima wanakamata ng'ombe, mipaka ya vijiji haieleweki, mashamba makubwa ya mkonge yamegeuka mapori huku wanakijiji wanaoyazunguka hawana pa kulima. Mkulima alikwenda na lalamiko lake ofisini akarudi akiamini mfugaji ametoa kitu kidogo. Mfugaji alikwenda na lake akarudi akiamini mkulima ndiye mwenye ndugu pale ofisini. Na baada ya mauaji, jibu lililokuja miaka michache baadaye lilikuwa operesheni: mwaka 2009 mifugo iliondolewa Kilosa kwa nguvu, na familia nyingi za wafugaji zikaondoka zikiwa maskini. Mtu anayeuliza kwa nini Mabwegere kumekuwa na ugomvi miaka nenda rudi anaweza kuanzia hapo.

Kinachonishangaza ni kwamba Baba Mkubwa analijua hili kuliko mimi. Alikaa miaka kadhaa kwenye baraza la kata, akisuluhisha kesi za mipaka na za mahindi yaliyoliwa. Alikuwa na kanuni zake, na wanawe wote wanazijua kwa kichwa. Wenye kesi wote wawili hukaa benchi moja. Anayeshtakiwa husema mwisho. Mjumbe aliyekula kwa mmoja wao, hata kama ni kikombe cha uji, anatoka nje. Na aliwahi kutuambia, akimsema mjumbe mwenzake aliyekuwa na haraka, kwamba ukimkatalia mtu kusema, umemrudisha nyumbani kuchukua panga.

Nilimuuliza kwa nini kanuni hizo zisifike mpaka Dodoma.

"Nchi si shamba la mahindi," alisema.

Kisha ukaja mwaka 2025. Aprili, Tundu Lissu, mwenyekiti wa CHADEMA, alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, na mwezi huo huo chama chake kikaondolewa kwenye uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Mgombea urais wa ACT-Wazalendo naye alienguliwa. Tarehe 29 Oktoba watu waliingia barabarani, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, intaneti ikazimwa nchi nzima. Siku tatu baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa asilimia 97 na ushee. Idadi ya waliokufa inabishaniwa: upinzani ulitaja mamia, serikali ikasema zimetiwa chumvi.

Mtoto wa mwisho wa Baba Mkubwa, ninayemwita mdogo wangu ingawa ana ndevu kunizidi, anaendesha bodaboda Kimara. Simu yake haikupatikana kwa siku nne. Nilikuwa Morogoro. Nilikuwa nampigia Baba Mkubwa asubuhi na jioni, simu ya kawaida, na siku mbili za mwanzo alinieleza kwa nini serikali ilikuwa sahihi kuzima intaneti: uongo unasambaa, vijana wanachochewa na watu walio ughaibuni. Siku ya tatu hakueleza kitu. Aliniambia tu kwamba redio ameisikiliza asubuhi, mchana na usiku. Mama Mkubwa ndiye aliyeniambia kwamba mzee alikwenda stesheni akakaa kwenye benchi, ingawa hakuna treni iliyokuwa na abiria anayemjua.

Kijana alirudi wiki ya kwanza ya Novemba akiwa na begi moja, bila pikipiki. Alikuwa amejifungia chumbani, simu ikaisha chaji, umeme nao ulikuwa unakwenda na kurudi. Hilo ndilo alilosema kuhusu yeye mwenyewe. Kuhusu wengine alisema jambo moja: kijana wa chumba cha pili alitoka kununua mkate na hajarudi.

Nilikwenda Kilosa Desemba. Sherehe za Uhuru za tarehe 9 zilikuwa zimefutwa, na mji ulikuwa umetulia kwa namna ambayo sikuipenda. Hata kijiweni kwa wauza kahawa watu walizungumza mpira kwa sauti ya chini. Novemba Rais alikuwa ameunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Baba Mkubwa alikuwa ameshalipokea jambo hilo kama mtu aliyeletewa chakula chake. Tume! Mwenyekiti, wajumbe, watu wanaitwa kusema. Alitaka mwanawe aende akaeleze habari ya kijana wa mkate.

"Nani kaiunda hiyo tume?" mdogo wangu aliuliza.

"Rais."

"Na wanaolalamika wanamlalamikia nani?"

Baba Mkubwa hakujibu.

"Kikombe cha uji, Baba," mdogo wangu alisema, polepole, bila kejeli.

Sijawahi kumuona mzee akiishiwa maneno namna ile. Alichezea kifuniko cha redio, akakifungua betri, akazirudisha. Halafu akamuuliza mwanawe, na naamini lilikuwa swali la kweli wala si la kushinda: "Basi niambie wewe. Niende kwa nani?"

Walinigeukia mimi wote wawili. Nimetumia ujana wangu wote nikisema nchi hii inahitaji mahali ambapo lalamiko linaweza kupelekwa, na pale mezani mhafidhina ndiye aliyekuwa tayari kulipeleka, kijana ndiye aliyesema mlango huo si mlango. Nilisema ninavyoona. Jaji anayeheshimika hatoshi ikiwa aliyemteua ni mmoja wa wanaolalamikiwa, na sheria ya baraza la kata la Kilosa isingemruhusu. Nilisema pia kwamba hakuna mwenye haki ya kumsukuma kijana akatoe jina lake na namba yake ya NIDA mahali ambapo hakuna awezaye kumhakikishia atarudi akiwa salama. Na nikasema kwamba mzee hajazuiwa kuuliza. Kijana wa mkate ana mama mahali fulani, na kama hatukuwa na mlango mwingine, swali lingine lolote lingebaki sebuleni.

Mdogo wangu aliinuka akatoka nje. Kesho yake asubuhi nilimkuta Baba Mkubwa kwenye meza, miwani puani, akiandika kwa mwandiko ule wa ukarani wa reli ambao kila herufi imesimama peke yake. Zilikuwa kurasa mbili za daftari. Ameanza na "Ndugu Mwenyekiti", akaeleza yeye ni nani, amekuwa mjumbe wa nyumba kumi kwa muda gani, ametumikia baraza la kata kwa muda gani. Akaeleza Rudewa kwa mistari mitatu, ambayo ni mingi kuliko niliyowahi kuisikia mdomoni mwake. Kisha akauliza kuhusu kijana ambaye hajawahi kumuona: alitoka kununua mkate, Kimara, tarehe 30 Oktoba 2025, asubuhi. Hakumtaja mwanawe. Aliandika kwamba habari hii ameipata kwa mtu anayemwamini.

Aliniuliza kama barua ya namna hiyo hupelekwa kwa mkono au kwa posta. Aliniuliza pia kama chini ya sahihi aweke namba ya kadi ya chama au asiweke.

Nilimwambia aweke. Mdogo wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo na ndoo ya maji mkononi, alisema asiweke hata jina.